Zahanati za Watu Binafsi: Kutoka Marufuku ya 1977 hadi Kadi ya Bima

Mwaka 1977 Tanzania ilitunga Sheria ya Hospitali Binafsi, na daktari aliyeishi kwa ada za wagonjwa wake akapoteza haki ya kuendesha kliniki kwa faida. Hospitali za misheni ziliendelea, na za mashirika yaliyoidhinishwa pia. Aliyebanwa ni mtu mmoja mmoja: daktari wa mjini mwenye chumba cha kumwona mgonjwa na kingine cha sindano. Baadhi walihama nchi.

Sheria hiyo ilikuwa mtoto wa Azimio la Arusha la 1967, na hoja yake haikuwa nyepesi. Wananchi wengi waliishi vijijini ilhali madaktari walirundikana mijini. Serikali ilitaka tiba ifike kwa mkulima bila kupitia mfuko wake.

Kilichoikwamisha nia hiyo ni hali ya uchumi. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka na rafu za dawa zikabaki tupu. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, makasha ya dawa muhimu yalipelekwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Hata hivyo, mara nyingi mgonjwa alitoka na cheti tu mkononi, akaishia duka la dawa baridi.

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa. Tabibu mwenye sifa aliruhusiwa tena kumiliki kituo chake kwa idhini ya Wizara ya Afya, na vibao vya zahanati vikachipuka mitaani Dar es Salaam. Wapo madaktari walioshinda hospitali ya serikali kutwa, kisha jioni wakaingia kwenye kituo binafsi kutafuta nyongeza ya mshahara. Uchangiaji gharama ulipoanza katika hospitali za umma mwaka 1993, tofauti kati ya kwa serikali na kwa mtu binafsi ilipungua: kote huko mgonjwa alitoa pesa.

Mageuzi yaliyogusa zaidi droo ya zahanati ndogo yalikuja kimyakimya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kazi 2001 ukiwa na watumishi wa umma; mchango ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiri. Kadiri wanachama walivyoongezeka na vituo binafsi vikasajiliwa, pesa taslimu iligeuka fomu. Mgonjwa anaonyesha kadi, anatibiwa, anasaini. Kituo kinakusanya fomu, kinapeleka madai, yanakaguliwa, mengine yanakatwa, ndipo malipo yanakuja. Wakati huo pango, umeme na mshahara wa muuguzi havisubiri. Hospitali kubwa ina makarani wa kazi hiyo. Katika zahanati, anayejaza fomu mara nyingi ndiye anayepima mgonjwa, na kosa lake la kalamu linamgharimu dawa alizokwisha kutoa.

Machi 1, 2024, kitita kipya cha mafao ya bima kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuhudumia wanachama wa Mfuko, zikisema bei mpya hazifidii gharama. Vichwa vya habari vilizitaja zile kubwa, zenye wagonjwa wengine wa kulipa. Zahanati ya mtaani inayotegemea kadi za walimu na askari wa jirani haina nafasi ya kugoma, na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, inakusudia kila mkazi awe na kadi. Bei ya kumwona daktari na muda wa kulipa madai ndivyo vitakavyoamua ni ngapi kati ya zahanati hizo zitaweza kumpokea mkazi huyo.