Gridi ndogo za umeme: tathmini ya hatari kwa mazingira

Tathmini ya gridi ndogo ni uchunguzi wa mitambo inayozalisha na kusambaza umeme kijijini au kisiwani bila kuunganishwa na gridi ya taifa, unaolenga kubaini na kuzuia madhara kwa maji, udongo na afya. Afrika Mashariki mitambo hiyo huendeshwa kwa jua, mito midogo, dizeli au mchanganyiko wake.

Betri

Hatari kubwa ya mitambo mingi ya jua haimo katika paneli bali katika betri za risasi, ambazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini hayo, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo sana. Mkaguzi makini huingia katika chumba cha betri akaangalia kama hewa inapita, kwa kuwa betri zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Huangalia pia kama sakafu imeliwa na asidi na kama vichwa vya betri vimeota ukoko, kisha hufungua daftari la matengenezo. Swali zito kuliko yote ni betri zikichakaa huenda wapi, kwani mnunuzi wa vyuma chakavu asiyesimamiwa huweza kuzipasua kwa panga, akamwaga asidi ardhini na kuondoka na sahani za risasi.

Madhara ya uzembe wa namna hiyo yalidhihirika kwa uchungu Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi kabla ya kufungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi ya kiwanda hicho kwa ujasiri, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliokatiwa rufaa. Kisa hicho hakikuanzia kwenye gridi ndogo, lakini risasi ni ileile, na tathmini inayoishia siku ya kuwasha mitambo haiwezi kuiona.

Maji

Katika mitambo ya maji hupimwa kama banio, yaani ukuta mdogo unaochepusha mto, linaacha maji ya kutosha mkondoni wakati wa kiangazi. Msitu wa juu ya banio nao hukaguliwa, kwa sababu ukifyekwa mto hubeba mchanga unaosaga mapanga ya tabo, yaani mtambo unaozungushwa na maji. Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na matumizi ya maji huhitaji kibali cha bodi ya bonde.

Dizeli

Hukaguliwa uvujaji wa matangi na utupaji wa oili chafu.

Hali ya sasa

Mitambo mipya inazidi kutumia betri za lithiamu, ambazo hazina risasi ingawa zikiharibika huweza kushika moto.