Nakala Ikae Umbali Gani? Goma na Historia ya Akiba ya Mafaili

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka. Siku hiyohiyo lava ilifika Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikameza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikapita katikati ya mji hadi ndani ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wakiwa na watoto, magodoro na masufuria. Waliorudi walikuta zaidi ya watu 100,000 hawana tena nyumba.

Karatasi iliyolowa mafuriko huanikwa. Lava haiachi cha kuanika. Katika mitaa ya kati ardhi ilipanda hadi ghorofa ya chini ya baadhi ya majengo ikazikwa, na ya juu ikawa ndiyo ya kuingilia. Hati za viwanja, vyeti vya shule, picha za harusi na kompyuta za ofisi zililala chini ya jiwe, na juu ya jiwe hilo mji ukajengwa upya. Ndiyo maana historia ya nakala za akiba Goma ni historia ya umbali: akiba ikae wapi ili balaa moja isichukue vyote viwili, kompyuta na nakala yake?

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2005, mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alitoa kitabu kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, na yeye ndiye hutajwa kuwa aliieneza kanuni inayotumika hadi leo: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kanuni ni nzuri. Ila hilo neno "nje" lina uzito wake mahali kama Goma. Gisenyi ni ng'ambo ya bariyeri, mwendo wa miguu. Matetemeko ya Mei 2021, volkano ilipolipuka tena, yalipasua kuta za pande zote mbili za mpaka, na makombora ya vita vya Goma vya Januari 2025 yaliangukia hadi wilaya ya Rubavu, ambamo Gisenyi imo. Bukavu, kusini mwa ziwa, iliingiwa na waasi wa M23 Februari 2025, wiki chache tu baada ya Goma. Diski iliyoachwa kwa shemeji wa mji wa jirani inafaa dhidi ya mwizi na dhidi ya kompyuta iliyoungua, lakini balaa za Kivu huvuka mipaka.

Kupeleka nakala mbali zaidi kulihitaji waya, na waya ulichelewa. Hadi mwaka 2009 karibu Afrika Mashariki yote ilitegemea satelaiti, zenye bei kali na mwendo wa taratibu. Kutuma barua pepe yenye picha moja kulikuwa kazi. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ukazinduliwa, na mwaka huohuo mkongo wa TEAMS nao ukafika Mombasa. Kongo yenyewe iliunganishwa na mkongo wa WACS mwaka 2013 huko Muanda, kwenye Atlantiki, ila Goma iko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Muanda.

Huko Marekani, biashara ya kuhifadhi kompyuta za watu binafsi kwenye wingu ilikuwa imeshaanza. Mozy na Carbonite zilianzishwa mwaka 2005, Backblaze mwaka 2007, ikitoza wakati huo dola 5 kwa mwezi kwa kompyuta moja bila kikomo. CrashPlan ilikuwa na jambo ambalo lingewafaa sana watu wa Kivu: mtu aliweza kuhifadhi mafaili yake, yakiwa yamefungwa kwa siri, kwenye kompyuta ya rafiki iliyo mji mwingine, bure. Agosti 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuwaacha wateja wa nyumbani, na Oktoba 2018 mlango ukafungwa. Mozy ikanunuliwa na Carbonite, ikazimwa. Anayechagua huduma leo afahamu kwamba huduma nazo hufa, na mara nyingi mteja hupewa miezi tu ya kuhama. Miezi hiyo ni mingi kwa mtu wa Boston. Kwa mtu wa Goma inategemea bei ya mega.

Hesabu yake ni hii. Mpiga video za harusi mwenye gigabaiti 500, akipata laini ya kupakia megabiti 2 kwa sekunde, atahitaji siku 23 mfululizo, usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja. Kwa vifurushi vya simu gharama yake haibebeki. Kwa hiyo ile "bila kikomo" ya matangazo haina maana kubwa kwake. Chenye maana ni programu inayoendelea ilipoishia baada ya umeme kukatika, inayotuma kilichobadilika tu, na inayomruhusu kupanga kipi kitangulie: kwanza hati, vyeti na mikataba, kisha picha, na video nzito mwisho kabisa au kwenye diski inayosafirishwa na mtu anayeaminika. Atofautishe pia akiba na usawazishaji. Dropbox na Google Drive husawazisha: faili likifutwa hapa hufutwa na kule, na kwenye Drive pipa la taka hulihifadhi kwa siku 30 tu.

Mfano bora wa nakala ya mbali, Goma imeupata kwa wanasayansi wake. Kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilianzishwa mwaka 1986. Katika muongo uliopita, wataalamu wake pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Luxembourg walisimika mtandao wa vipima-tetemeko uitwao KivuSNet, ambao data yake ilitumwa Goma na pia Luxembourg papo kwa papo. Huo ndio umbali unaotosha. Kisha fedha za Benki ya Dunia zilikoma mwaka 2020, na kuanzia Oktoba hadi Aprili 2021 kituo kilikosa hata malipo ya intaneti, kikashindwa kuufuatilia mlima ipasavyo. Inauma kusema hivyo kuhusu mji wenye volkano ya hatari namna hiyo.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka. Lava ilisimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege, lakini vijiji na mitaa ya kaskazini kama Buhene iliungua. Tarehe 27 gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu wakatawanyika kwenda Sake, Rwanda na Bukavu. Mwaka uliofuata jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Delphine Smittarello, uliotumia data ya vipima-tetemeko hivyo na ya satelaiti kuonyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida. Kumbukumbu ya vipimo ilikuwapo kwa wachambuzi hata mji ulipokuwa umehamwa.

Siku kumi baada ya mlipuko, tarehe 1 Juni 2021, Google Photos iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo. Tangu hapo, picha mpya zinahesabiwa kwenye zile gigabaiti 15 za bure, na anayezidisha hulipa.

Kulipa nako kukawa mtihani. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalikata umeme na intaneti, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Mtu anayelipia huduma kwa kadi ya benki iliyofungwa hana la kufanya siku ya malipo ikifika, hata kama pesa zake zimo ndani. Hapo huduma inayolipiwa kwa mwaka mzima ina faida kuliko ya mwezi kwa mwezi, na inayotoa muda wa subira baada ya malipo kushindikana ina faida zaidi. Google, kwa upande wake, hujipa haki ya kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili. Aliyekimbilia kambini bila simu anaweza kuufikia ukomo huo.

Kuna pia suala la ufunguo wa akiba. Wanaharakati wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, na waandishi wa habari wa mji huo wana sababu ya kutaka akiba inayofungwa kwa neno la siri ambalo hata kampuni hailijui. Backblaze hutoa ufunguo binafsi wa namna hiyo, ila wakati wa kurejesha mafaili neno hilo huingizwa kwenye mfumo wa kampuni. Mwenye kusahau neno lake hupoteza vyote. Hatari nyingine ni ya kawaida zaidi: akaunti nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya simu, na simu ndicho kitu cha kwanza kuporwa njiani. Huduma nyingi huruhusu kuchapisha namba za dharura kwenye karatasi, na gharama ya kuzichapisha ni ya ukurasa mmoja. Karatasi hiyo ikae kwa ndugu wa Kampala au Nairobi, pamoja na jina la huduma na anwani ya barua pepe iliyotumika kujiandikisha.