Kiroboto wa Maji, Mpimaji wa Sumu

Ndugu mkulima wa Rungwe, vijito vyetu vingi vinaingia Mto Kiwira, na Kiwira unateremka Kyela hadi Ziwa Nyasa. Ukioshea bomba la dawa kijitoni Tukuyu, ujue kuna mtu huko chini anateka maji. Na mrututu wa kahawa ukishachanganyika na maji mengi hauonekani kwa macho. Basi sumu itajulikanaje?

Zamani wataalamu walitia samaki katika maji, wakangoja wafe. Kisha mwaka 1933 na 1934 Einar Naumann wa Sweden akaandika juu ya kutumia dafnia, yaani kiroboto wa maji. Siyo yule wa mbwa, jamani! Huyu ni jamaa ya kamba na kaa, urefu wake milimita chache tu. Mwaka 1944 Mmarekani Bertil Anderson akamtumia kupima sumu za maji machafu ya viwandani.

Lakini kifo ni habari ya kuchelewa. Ng'ombe akiugua, huanza kwa kuacha majani. Nawe humwita bwana mifugo siku hiyo hiyo, hungoji afe. Dafnia naye ni hivyo hivyo. Chakula chake ni mwani mdogo sana anaouchuja majini, na shaba kidogo tu, ile iliyomo katika mrututu, humpunguzia ulaji kabla haijamuua. Kwa hiyo wataalamu hulisha wengine katika maji safi, wengine katika maji yanayoshukiwa, na baada ya saa kadhaa hupima chakula kilichobaki.

Huko Gent, Ubelgiji, walitengeneza kipimo cha mdudu mwingine wa jamii hiyo, anayeanguliwa kutoka mayai makavu. Hupewa chembe nyekundu. Aliye mzima, utumbo wake huonekana mwekundu katika darubini. Aliyedhuriwa hali, utumbo haupati rangi.

Hapa Tanzania, mwaka 2015 ilitangazwa njia iitwayo TARISS, ya kupima afya ya mto kwa kutazama aina za wadudu wanaokaa humo, chini ya mawe na kwenye majani.

Wenye pareto msicheke. Ni ua la shambani, ndiyo, lakini dawa yake huua samaki na dafnia pia. Maji ya kuoshea bomba yanyunyizieni shambani kwenye zao lile lile, mbali na kijito. Dafnia akigoma kula anatuambia kuna sumu tu. Jina lake atalitafuta mkemia.