Bonde Lililopeleka Kila Kitu Dar, Isipokuwa Kichekesho

Bonde la Kilombero halijawahi kuwa choyo kwa Dar es Salaam. Mchele wa Ifakara unaliwa Kariakoo kila siku. Sukari ya Kilombero iko kwenye chai ya mawaziri na ya wapiga debe. Umeme nao? Tangu mwaka 1975 mitambo ya Kidatu inazungushwa na maji ya Ruaha Mkuu, na leo uwezo wake ni megawati 204. Baadaye ikaja Kihansi yenye megawati 180. Hata chura wetu katoka: mwaka 2000 vyura 499 wa Kihansi walipandishwa ndege kwenda Marekani, na Bronx Zoo ya New York ikawa miongoni mwa waliowalea.

Lakini sijapata kusikia skripti ya komedi iliyotoka Ifakara ikafika kwenye televisheni. Chura kafika New York, kichekesho chetu hakijafika Mikocheni. Hivi kwa nini?

Wenzetu Marekani wana utaratibu mmoja wa ajabu. Kijana asiyejulikana anachagua komedi inayorushwa, anakaa chini na kuiandikia kipindi kizima bila kuombwa wala kulipwa. Wahusika si wake, nyumba wanayoishi si yake, hata namna yao ya kugombana kaikuta. Kazi yake ni kuonyesha kwamba anaweza kusema kwa sauti zao na bado akaleta jambo jipya. Mara nyingi haiuzi skripti ile. Anaitumia kama barua ya kuombea kazi, na anayemwajiri anaweza kuwa mwenye kipindi kingine kabisa.

Judd Apatow aliandika ya namna hiyo akiwa kijana, The Simpsons ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Haikumpa kazi. Akaendelea na mambo yake, akawa mtengenezaji filamu mwenye jina, na skripti ile ikaja kuonyeshwa Januari 2015, robo karne baadaye. Karatasi ilimsubiri. Mzaha wa mdomoni hausubiri mtu.

Sasa turudi nyumbani. Komedi ya televisheni yetu haikuzaliwa kwenye karatasi. Ilitoka kwenye vichekesho, ile michezo mifupi iliyokuwapo tangu enzi za mkoloni na ambayo baadaye ilipigwa kwenye kumbi na makundi ya sanaa kama Muungano na TOT. Kichekesho hakikuandikwa. Watu walikubaliana kisa, kila mmoja akajua aanzie wapi na atokee wapi, yaliyobaki yakapatikana jukwaani kwa kusikiliza watu wanacheka wapi. Ni ufundi mkubwa, tusiudharau. Marehemu King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliweza kuchukua kisa cha sentensi mbili akakifanya cha nusu saa.

Wakati huohuo tamthilia za kuandikwa zilikuwapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969. Ila hiyo ilikuwa njia nyingine. Tamthilia ilikwenda madarasani na kwenye mtihani wa kidato cha nne, kichekesho kikaenda baa. Televisheni binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, hazikwenda kuchota madarasani. Zilichota kwenye makundi. Kaole wakatamba ITV. Katikati ya miaka ya 2000 wakaja vijana wa Ze Comedy kwenye EATV, akina Joti, Masanja na Mpoki, na siku ya kipindi chao mitaa ikawa mitupu.

Kundi la namna hiyo halina dawati la kupokea skripti. Mhusika anakaa mwilini mwa msanii: ile sauti, ile kofia, ule mwendo. Ukitaka kuingiza neno lako sharti uwe mazoezini, Dar, jioni, kila wiki. Na ukiwa mazoezini, maana yake una pa kulala mjini na nauli ya daladala. Kwa hiyo karatasi ambayo tunaiona kitu cha wasomi ndiyo ingekuwa nafuu ya mtu wa mbali. Karatasi inapanda basi peke yake. Haihitaji shemeji wa kuipokea Mbagala.

Namfahamu jamaa mmoja wa Ifakara aliyejaza daftari zima la michezo ya kipindi kimoja cha komedi, jina lake silitaji. Nimelisoma. Mchezo mmoja unamhusu mjanja wa mjini anayeshuka treni ya TAZARA Ifakara akiwa na suti, akitaka kununua mpunga kwa bei ya kuwadanganya wakulima, na kila mkulima anayekutana naye anamzidi kete. Kichekesho kweli. Alipolileta daftari mjini, mlinzi getini alimwuliza ana miadi na nani. Hakuwa na jibu, kwa sababu mtu wa kusoma daftari hakuwapo kwa jina wala kwa cheo.

Angalia jamaa alichofanya. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wameshaandika kwamba tangu zamani kichekesho chetu kilimcheka mshamba, yule asiyejua taratibu za mjini. Daftari la Ifakara liligeuza meza. Hapo ndipo hasara ilipo. Anayechekwa hana kalamu, na mwenye kalamu hana mlango. Nchi nzima inacheka mzaha wa upande mmoja.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mwenye kipindi anaogopa. Mwaka 1949 Victor Desny alipiga simu ofisini kwa mwongozaji Billy Wilder kule Hollywood, akamsimulia katibu muhtasi kisa cha filamu, katibu akakiandika kwa hati mkato. Mwaka 1951 Wilder akatoa filamu ya kisa kinachofanana. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya California, ambayo mwaka 1956 ilisema wazo tupu si mali ya mtu, ila mazingira ya kulitoa na kulipokea yanaweza kuzaa mkataba wa kulipa. Uoga wa kesi za namna hiyo ndio unaozifanya studio nyingi zirudishe bahasha bila kuifungua, isipokuwa imepitia kwa wakala.

Kwetu kukosa maandishi hakujatuokoa na ugomvi. Vijana wa Ze Comedy walipohamia TBC1 mwishoni mwa muongo ule, kulizuka mvutano kuhusu jina, na hatimaye wakajulikana kama Orijino Komedi. Tayari tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini sheria hupenda kitu cha kushika mkononi.

Na mlango ukiwapo, watu hupita. Gado, mzaliwa wa Dar, alianza kupeleka katuni magazetini akiwa bado mwanafunzi miaka ya 1980. Gazeti lina mhariri, na mhariri kazi yake ni kutazama kilicholetwa. Mwaka 1992 akaacha masomo ya usanifu majengo, akajiunga na Nation kule Nairobi. Mwaka 2009 akawa mwanzilishi wa The XYZ Show, vikaragosi vya kuwakejeli wanasiasa kwenye televisheni ya Kenya. Aliyeanza kwa kupeleka mzaha wake kwenye kurasa za wengine akaishia na kipindi chake.

Leo kijana wa Mlimba anaweza kujirekodi kwa simu, na wengi wanafanya hivyo. Vizuri. Ila simu inampa nafasi anayejua kuigiza. Yule mwenye aibu, mwenye sikio kali na mwandiko mbaya, bado anahitaji mtu mmoja mjini ambaye kazi yake ni kusoma. Mshahara wa msomaji mmoja. Kituo kinachorusha komedi kila wiki kinashindwa?

Daftari la jamaa yangu lipo, halijaliwa na mchwa. Lina mchezo wa treni, wa kivuko cha zamani cha mto Kilombero na wa mganga aliyeishiwa dawa. Je, wewe unayesoma, droo yako ina nini?