Safu ya Lugha: Mlango, si Bandari
Haifai kabisa mafundi wa kompyuta, wanapoikagua kadi ya nyongeza yenye hitilafu, kukiita kiungo chake cha pini 9 “bandari ya mfululizo”, kwani bandari, neno tulilolipokea kutoka Kiajemi, ni mahali vyombo vya bahari vitiapo nanga, ilhali neno la Kiingereza wanalolifasiri asili yake ni porta ya Kilatini, yaani lango. Basi na tuseme mlango, wala si tundu, maana tundu ni uwazi mtupu, bali mlangoni huwapo aingiaye na atokaye.

Hayo hudhihirika fundi aunganishapo kwa kipande cha waya pini ya 2, ipokeayo, na ya 3, ipelekayo: herufi azipigazo zikirejea kwenye skrini, mlango u salama, na ila aitafute katika kebo.