Chura wa Kihansi: uzalishaji wake kifungoni

Chura wa Kihansi (*Nectophrynoides asperginis*) ni chura mdogo wa rangi ya manjano, mwenyeji wa korongo la mto Kihansi kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa unaoteremkia bonde la Kilombero. Hajawahi kupatikana porini mahali pengine popote duniani. Tangu mwishoni mwa 2000 amekuwa akizalishwa na watu, kwanza katika bustani za wanyama za Marekani, baadaye pia Dar es Salaam na Kihansi kwenyewe, na kwa miaka kadhaa hakuwepo chura hata mmoja wa aina hii aliyejulikana kuishi nje ya tangi la kioo.

Korongo na bwawa

Treni ya TAZARA ikishaondoka Ifakara kwenda Mlimba, abiria anakuwa na mashamba ya mpunga na mbuga za mafuriko upande wa kushoto, na ukuta wa Udzungwa upande wa kulia. Mito inayoshuka kwenye ukuta huo huingia mto Kilombero, na mmojawapo ni Kihansi. Kabla ya bwawa, mto huu ulikuwa ukipita korongoni kwa wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde, ukaanguka kwa kishindo na kurusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Kando ya maporomoko hayo manyunyu yalilowesha vipande vya majani na mimea midogo ambavyo kwa jumla havifiki hekta mbili. Hapo ndipo chura huyu alipoishi. Viwanja vitatu vya mpira vingelitosha kulimeza eneo lake lote.

Wahandisi walilipenda korongo hilohilo kwa sababu yao: maji yanaanguka takriban mita 850, kwa hiyo bwawa dogo lenye ukuta wa mita 25 linatosha kuendesha mitambo ya megawati 180 iliyojengwa ndani ya mwamba. Ni bwawa lenye faida ambayo ni vigumu kuipinga: halikuzamisha vijiji, na umeme wake uliingia gridi ya taifa mwishoni mwa 1999 na mwanzoni mwa 2000. Chura alikuwa amegunduliwa 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maelezo yake ya kisayansi yalitolewa na Poynton, Howell, Clarke na Lovett, na mwaka unaoandikwa mbele ya majina yao ni 1999. Kim Howell alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, yaliyobaki korongoni yalipungua kwa asilimia 90 hivi na manyunyu yakakatika. Ili kufidia, mabomba na vinyunyizi vilitandazwa juu ya maeneo yaliyokuwa yakilowa, na maji yakateremshwa kwa mvutano kutoka juu ya maporomoko, yakipita kwenye vichujio. Mvua hiyo ya kutengenezwa ndiyo inayoendelea hadi sasa. Wakati huohuo ulifanyika uamuzi wa pili: kuchukua baadhi ya vyura na kuwaweka mahali salama.

Maumbile na uzazi

Dume mkubwa hafiki milimita 20 na jike hufika 29 hivi. Dume hutambulikana kwa mabaka meusi kwenye kinena. Puani kuna vijikunjo vya ngozi ambavyo huenda vinazuia maji ya manyunyu yasiingie, na masikio ya nje hayaonekani.

Uzazi wake unatofautiana na wa vyura wengi wa bondeni. Vyura wa mashamba ya mpunga ya Ifakara hutaga mayai majini, viluwiluwi wakaogelea na kuota miguu. Chura wa Kihansi hupandana, mbegu ya dume ikayarutubisha mayai ndani ya jike, na vitoto vikakua humohumo hadi viwe vyura kamili. Mama hatagi wala kuacha viluwiluwi popote. Huzaa vichura 5 hadi 16 kwa mara moja, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 5 hivi, na kuanzia siku hiyo kila kitoto hujitafutia riziki. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba mtunzaji akimtazama kwa chini, kupitia kioo, anaviona vitoto vimejipanga ndani kama alama nyeusi.

Njia hii ya kuzaa inaeleweka ukiangalia mahali. Pale palipo na kasi ya maji ya maporomoko, yai lililotagwa lingesombwa kabla ya usiku kuingia. Jamaa zake wa jenasi hiyohiyo, wote wa Tanzania na wengi wao wa misitu ya Tao la Mashariki, nao hujifungua vitoto badala ya kutaga. Chura wa Kihansi amejifunga tu kwenye eneo dogo kuliko wote.

Waliosafirishwa

Mwishoni mwa 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa hadi bustani ya Bronx, New York, kisha wakagawanywa katika bustani sita za Marekani. Wazo la kuwagawa lilikuwa sahihi, kwa kuwa ugonjwa ukiingia chumba kimoja usiwamalize wote. Yaliyofuata yalionyesha jinsi walezi walivyokuwa na habari chache kuhusu mnyama waliyempokea. Vitoto vilizaliwa kwa wingi, lakini vilikufa kwa wingi pia. Minyoo ya mapafu, maambukizi ya bakteria na upungufu wa lishe viliwapunguza kwa kasi. Bustani nne zikashindwa kabisa kuwadumisha, zikabaki Bronx na Toledo, jimbo la Ohio. Kufikia Desemba 2004 vyura waliobaki kifungoni hawakufika 70.

Kukwama huko hakukutokana na ugumu wa kuwafanya wazae. Ugumu ulikuwa wa kujua mahitaji yao kwa vipimo: mwanga wenye mionzi ya urujuanimno, maji yaliyochujwa yakinyunyizwa kwa zamu, hewa yenye unyevu lakini isiyotuama, na wadudu wadogo kuliko wanaouzwa kwa ajili ya mijusi. Chakula kilichofaa kilikuwa nzi wa matunda, vitoto vya nyenje vya siku moja na wadudu wa udongo, vyote vikipakwa unga wa madini na vitamini kabla ya kumwagwa tangini. Mambo hayo yalipokaa sawa, idadi ilipanda haraka na katika miaka michache Bronx na Toledo zilikuwa na maelfu kila moja. Mtu aliyezoea kuku hatashangaa: mnyama anayezaa vitoto kumi kwa mara moja akiacha kufa, anajaza banda.

Kundi, si jozi

Mfugaji wa njiwa anajua nani amelala na nani. Anawapanga wawili wawili, anaandika jozi, anachagua damu. Kwa chura wa Kihansi njia hiyo haiwezekani. Madume na majike hukaa tangi moja, jike hushikwa na dume zaidi ya mmoja, na vichura vya milimita 5 havivalishwi pete wala kuchorwa alama. Ukimtoa mmoja mmoja umuweke na mwenzake, unapata jozi yenye afya hafifu na kitabu safi cha ukoo.

Kwa hiyo kinachosimamiwa ni tangi zima. Kumbukumbu zinaonyesha wangapi waliingia, wangapi walizaliwa, wangapi walikufa, na vyura wa tangi hili walihamishiwa lipi na lini, ili damu zisigande katika vikundi vilivyofungiana. Baba wa chura fulani hajulikani, na katika mfumo huu hahitaji kujulikana. Kinachohitajika ni kuhakikisha hakuna tangi linalozaana lenyewe vizazi vingi mfululizo.

Hata hivyo tatizo moja halitatuliwi kwa ustadi wa kumbukumbu. Vyura wote wa kifungoni leo, wawe maelfu kiasi gani, wametokana na hao wasiofika 70. Uwezo wa kundi kupambana na ugonjwa mpya unategemea tofauti zilizomo ndani yake, na tofauti zilizopotea kati ya 2001 na 2004 hazirudi kwa kuongeza idadi. Ndiyo sababu takwimu ya wingi katika tangi, inayopendeza kwenye taarifa kwa umma, haipaswi kusomwa peke yake.

Kuanguka kwa vyura wa porini

Huku vyura wa kifungoni wakipungua, wa korongoni walikuwa wakionekana kupona kwa msaada wa vinyunyizi. Hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura 20,989. Januari 2004 waliokuwa wakiwatafuta waliona watatu tu, wakasikia madume wawili wakilia. Kwa kipindi kifupi kiasi hicho, mporomoko wa namna hiyo ni nadra hata kwa vyura.

Washukiwa ni watatu, nao wanabishaniwa. Mwaka 2003 vinyunyizi viliharibika kwa muda katika kiangazi. Matope ya bwawa yalifunguliwa kushuka mtoni, na inadhaniwa yalibeba dawa za mashamba ya juu. Na katika mizoga ilipatikana kuvu ya ngozi iitwayo kitridi (*Batrachochytrium dendrobatidis*), ambayo imeua vyura katika mabara mengi. Wengi wanaiona kuvu kuwa chanzo kikuu. Mwandishi wa makala hii anaona ni busara kutoyatenganisha mambo haya: mnyama aliyekwisha kudhoofishwa na ukame anapata kuvu vibaya zaidi kuliko aliyekuwa ameshiba manyunyu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimwingiza chura huyu katika kundi la waliotoweka porini.

Kurudi

Agosti 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo walisafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam na kuwekwa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kituo kingine kilijengwa Kihansi. Kazi ya kwanza ilikuwa kujiridhisha kwamba korongo halitawaua. Udongo na majani ya korongoni yalichanganywa na vyura wachache wa kifungoni pamoja na jamaa zao waliokamatwa jirani, ili ionekane kama kuvu ingeliwapata. Haikuonekana kuwadhuru. Mwaka 2012 vyura 48 wa majaribio walirudishwa, na mwishoni mwa mwaka huo takriban 2,000 wakaachiliwa kwenye maeneo yenye vinyunyizi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao.

Makundi zaidi yalifuata. Lakini tathmini ya IUCN ya 2015 bado ilimweka katika kundi la waliotoweka porini, kwa kuwa kuachilia ni jambo moja na kundi kujizalisha lenyewe kwa vizazi ni jingine. Chura anayeishi chini ya kinyunyizi hajaacha kuwa mnyama wa kifungo. Kuta zake tu zimeondolewa. Bomba likiziba wiki moja katika Oktoba, unyevu wa hekta mbili zile unakauka. Wanaoingia korongoni husafisha viatu kwa dawa ili wasibebe kuvu, na njia zao zimewekwa mahususi wasikanyage majani.

Gharama ya yote haya imezua ubishi nchini tangu mwanzo. Wako wanaouliza kwa nini fedha zinakwenda kwa vyura wakati vijiji vya bondeni havina umeme wala daraja. Swali ni halali, ingawa halikumbuki kwamba uliovuruga manyunyu ni mradi huohuo wa umeme, na gharama ya kurekebisha uharibifu huhesabiwa katika bei ya bidhaa, si sadaka. Korongo lina vingine pia: mkahawa wa porini wa *Coffea kihansiensis*, ambao jina lake linatoka hapo, unaota kando ya mto uleule.

Sheria na kuwaona

Jenasi nzima ya *Nectophrynoides* imo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, hivyo biashara ya kimataifa ya kuwauza kama wanyama wa kufuga nyumbani imepigwa marufuku, na kukamata mnyamapori nchini bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hakuna soko halali la chura huyu. Toledo ilifungua onesho la kuwaona Novemba 2005, Bronx ikafuata Februari 2010, na baadaye bustani za Chattanooga, Detroit na Omaha zikapokea vikundi. Anayetaka kuwaona Tanzania anapaswa kuomba ruhusa, kwa kuwa korongo si hifadhi ya watalii na kituo cha Kihansi kimefungwa kwa wapita njia.