Sangara na Daftari la Mwaloni

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kazi ya kuhesabu samaki huanza kabla jua halijapanda. Mtumbwi unagusa mchanga, wavuvi wanaruka majini kuuvuta, na wachuuzi wakiwa bado wanagombea bei, mtu mwenye daftari anasogea. Maswali yake ni yaleyale aliyowauliza wa mtumbwi uliotangulia: mlitoka lini, mko wangapi, mlitega nyavu ngapi, matundu yake ni inchi ngapi? Sangara wanawekwa kwenye mizani, sato wanapimwa kando, dagaa wanahesabiwa kwa ndoo. Wachache wanalazwa juu ya ubao wenye alama za sentimita, pua ikigusa kizuizi na mkia ukinyooshwa, kisha namba inaandikwa.

Kazi hiyo haina mbwembwe, lakini ndiyo njia pekee ya kujibu swali ambalo ziwa hili limekuwa likiulizwa kwa miaka zaidi ya 60: je, kumpandikiza sangara kulikuwa na faida? Waliomleta hawakuwa na daftari la kutosha. Daftari lilipokuja kupatikana, sehemu kubwa ya kilichopaswa kuhesabiwa ilikuwa imekwisha kuliwa.

Kabla ya sangara, hili lilikuwa ziwa la ngege, perege wa asili. Wenyeji walimvua kwa migono, kwa vizuizi vya matete na kwa kokoro zilizosukwa kwa mafunjo, wakala na kubadilishana na majirani wakulima. Mambo yaligeuka reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na Nairobi ikawa soko. Mwaka 1905 nyavu za makila za nyuzi za kitani zikaingia kutoka Ulaya kupitia Ghuba la Winam, enzi hizo likiitwa Kavirondo. Mwanzoni wavu mmoja ulitoka na makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Mavuno hayo hayakudumu.

Ndipo serikali za kikoloni zilipomwita Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aje alikague ziwa. Alifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1929. Hesabu aliyoitegemea ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mvuvi asiyesoma: wavu mmoja, usiku mmoja, samaki wangapi. Jibu lilikuwa linashuka. Graham akapendekeza nyavu zenye matundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku ili ngege wapate nafasi ya kuzaa kabla ya kunaswa. Katika ripoti hiyohiyo aligusia wazo la kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, akaonya kwamba jambo hilo lisifanywe kabla ya utafiti wa kina.

Sheria ya inchi 5 ilitungwa, lakini kuisimamia kwenye ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 kulishindikana. Nyavu za matundu madogo zilileta samaki wengi zaidi, na kila aliyeitii sheria alimwona jirani yake akijaza mtumbwi. Uganda na Tanganyika ziliifuta mwaka 1956, Kenya ikafuata mwaka 1961. Kufikia miaka hiyo ngege wa wavu mmoja walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Upungufu huo ndio uliofungua mlango wa kupandikiza. Katika miaka ya 1950 waliletwa perege wageni kutoka maziwa mengine, akiwemo sato. Nia ilikuwa njema: ngege amepungua, basi aongezewe ndugu. Hata hivyo sato alikua haraka zaidi, akagombania mazalia na chakula, na akazaliana na wenyeji. Leo anayetaka kumwona ngege wa asili hapaswi kumtafuta Mwanza wala Kisumu. Amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, ambako mafunjo ya kinamasi cha Yala yamemkinga.

Sangara alikuwa hoja nzito zaidi. Ziwani walijaa furu, samaki wadogo wenye miba mingi, wa aina zipatazo 500, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani. Kwa macho ya maofisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda, furu walikuwa nyama iliyokaa bure. Sangara wa Ziwa Albert, anayeweza kufikia kilo 100 na zaidi, angewala furu na kuwageuza minofu. Tena angewavutia wavuvi wa starehe, wale wanaosafiri mbali kwa ajili ya samaki mmoja mkubwa mwishoni mwa ndoano.

Waliopinga walikuwa watafiti wa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, EAFRO, lililoanzishwa Jinja mwaka 1947. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika makala mwaka 1960 akieleza hesabu ya chakula majini. Samaki anapomla mwenzake, sehemu kubwa ya nguvu ya aliyeliwa hupotea njiani, kwa hiyo kilo moja ya sangara hugharimu kilo nyingi za furu. Zaidi ya hayo, sangara hachagui: angewala ngege pamoja na furu. Na samaki wa Ziwa Albert walikuwa wamezoea kuishi na adui huyo tangu enzi na enzi, ilhali wa Victoria hawakuwahi kumwona.

Mjadala huo ulikuwa bado unaendelea kwenye kurasa za majarida wakati samaki mwenyewe alipoonekana karibu na Jinja mwaka huohuo wa 1960. Mtafiti Robert Pringle, aliyefuatilia nyaraka na kuzungumza na wahusika, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005 kwamba sangara alikuwa ametiwa ziwani kimyakimya tangu mwaka 1954, kwa mikono ya watumishi wa idara hiyohiyo iliyokuwa ikipigania aletwe. Baada ya kuonekana, hoja ikageuka: kama ameshaingia, kuna ubaya gani kumwongeza? Mwaka 1962 wakatiwa 35 Entebbe, mwaka 1963 wengine 339 palepale, na 8 Kisumu. Samaki wasiofika 400 kwa hesabu rasmi ndio waliokuja kubadilisha maisha ya mamilioni ya watu.

Hapa inafaa kutupa jicho mbali kidogo, hadi Ziwa Michigan nchini Marekani, ambako jambo la namna hiyo lilifanyika karibu wakati uleule. Mwaka 1966 idara ya uvuvi ya jimbo la Michigan, ikiongozwa na Howard Tanner, ilitia vifaranga vya samoni wa Bahari ya Pasifiki kwenye mito inayoingia ziwani, ili wawale samaki wadogo wageni waliokuwa wamefurika na kufa kwa marundo ufukweni. Nao walikuwa wakicheza na ziwa zima. Tofauti ilikuwa kwenye ufuatiliaji. Kwa miaka mingi vifaranga vimekatwa pezi dogo la mgongoni, na wengine kuwekewa pia kichwani kipande cha waya chenye namba, kabla ya kuachiwa. Makarani husimama bandarini na kuwauliza wavuvi wa ndoano saa walizokaa majini na samaki waliopata, kisha hukagua pezi. Mwenye pezi kamili amezaliwa kwenye maji ya asili. Asiye nalo ametoka kwenye kituo cha kuzalishia. Hesabu hiyo ilipoonyesha kwamba samoni wengi sasa wanajizalia wenyewe huku chakula chao kikipungua, majimbo yalikubaliana kupunguza vifaranga, kwa kiwango kikubwa kabisa mwaka 2013. Wamarekani nao walikosea mengi, ila walikuwa na namna ya kugundua kosa.

Victoria hapakuwa na pezi lililokatwa. Kulikuwa na ukaguzi mmoja mkubwa, na bahati yake ni kwamba ulifanyika mapema. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti Ibis ilizunguka ziwa ikikokota wavu wa chini. Takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana ilikuwa furu. Sangara alikuwapo, lakini kwa nadra. Aliyeisoma ripoti hiyo bila subira angeweza kusema kwamba mradi umeshindwa, mgeni hakushika.

Alikuwa hajafika wakati wake tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sangara walifurika upande wa Kenya, ambako wanaitwa mbuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafurika Uganda. Na kati ya mwaka 1982 na 1986 ikawa zamu ya Ghuba la Mwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la utafiti la Jinja likavunjika nayo. Kenya iliunda taasisi yake mwaka 1979, Tanzania ikaunda TAFIRI mwaka 1980. Yaani katika miaka ileile ambayo ziwa lilikuwa linapinduka chini juu, waliopaswa kulihesabu walikuwa wanagawana maboti na makabati.

Tani zilisimulia hadithi ya ushindi. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa takriban tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, yalifikia tani 500,000 hivi kufikia mwaka 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza, Musoma na Jinja, na minofu ikapaa kwenda Ulaya. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, yakapata wanunuzi Asia. Sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, kayabo, akasafirishwa hadi Kongo. Watoto walilipiwa ada, nyumba za bati zikasimama mahali pa nyumba za nyasi, na mamia ya maelfu ya watu wakapata riziki. Hakuna anayeandika historia hii kwa haki akilificha hilo.

Tani hizohizo hazikusema nani amepoteza. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hivyo sehemu kubwa ilihitaji kukaangwa au kubanikwa kwa kuni, na miti ya mwambao ikalipa gharama. Wanawake waliokuwa wakinunua furu kwa vikapu na kuwauza vijijini hawakuwa na mtaji wa kushindana na magari ya barafu ya viwanda. Kwenye miji iliyosafirisha minofu, wakazi wengi walinunua mapanki: kichwa, mgongo na mkia vilivyobaki kiwandani.

Na furu? Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakiwa na wenzao wa Tanzania, walianza kuwachunguza Ghuba la Mwanza mwaka 1977, wakati ambapo Mwanza kulikuwa na kiwanda cha unga wa samaki kilichowategemea hao furu. Walikuja kujifunza jinsi aina nyingi hivyo zinavyoishi pamoja. Badala yake walijikuta wakiandika taarifa ya msiba. Mwezi baada ya mwezi wavu uliokokotwa sehemu zilezile ulitoka na furu wachache zaidi, hadi katikati ya miaka ya 1980 ulipotoka karibu bila furu. Takriban aina 200 ziliaminika kutoweka. Sangara hakuwa mkosaji peke yake, kwa maana rutuba iliyosombwa kutoka mashambani na mijini ilikuwa imetia maji ukungu na kumaliza hewa vilindini. Lakini bila vitabu vya watafiti hao, kupotea huko kusingekuwa na tarehe.

Mwaka 1994 nchi tatu ziliunda shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, makao yake yakiwa Jinja, na hesabu ya pamoja ikarudi. Tangu mwaka 2000 hufanyika sensa ya uvuvi: mialo, mitumbwi, injini, nyavu na watu. Sensa ya kwanza ilipata wavuvi takriban 130,000. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wamepita 200,000. Tangu mwaka 2005 makarani wa mwaloni wamekuwa wakipima mavuno kwa utaratibu mmoja nchi zote: mialo michache huchaguliwa, mitumbwi hupimwa kwa aina ya zana, wastani wa mtumbwi mmoja huzidishwa kwa idadi ya mitumbwi iliyotoka na siku ilizofanya kazi.

Wastani huo una mitego yake, na karani mzoefu anaijua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo akihesabu siku za mbalamwezi atapata ziwa lisilo na dagaa. Sangara aliye chini ya sentimita 50, ambaye kanuni za kikanda zilikataza kuvuliwa, hafikishwi mbele ya mizani. Anashushiwa kisiwa kingine au anauzwa majini usiku. Mvuvi anayedhani daftari ni la kodi hutaja nusu. Ndiyo maana kazi hii inahitaji mtu anayeaminika mwaloni, anayewajua wavuvi kwa majina na anayeweza kuwaeleza kwa nini namba ya leo itawafaa watoto wao.

Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza sasa kwenye takwimu za ziwa, na sangara anafuata kwa mbali. Furu nao wamerudi kwa kiasi tangu miaka ya 1990, hasa aina chache zinazokula vijidudu vya majini, baada ya sangara wakubwa kupunguzwa na uvuvi wenyewe. Wanaonekana tena kwenye masinia ya wauzaji, wamekauka na kujikunja. Kwenye fomu ya karani sangara ana mstari wake, sato wake, dagaa wake. Furu wote, aina zote zilizosalia na zote zinazongoja kutambuliwa, wanapimwa kwenye ndoo moja na kuandikwa kwenye mstari mmoja.